Paa la Banda Letu Liko kwa Mama Mkwe

Mpendwa Mama Nyanchama,

Kabla hujacheka naomba kwanza unisaidie, halafu ukimaliza kunisaidia cheka upendavyo, kwa sababu hapa Rodi Kopany wameshacheka wote na hata mimi mwenyewe jana nilijikuta nacheka huku nimeshika ndoo ya kukinga maji ndani ya banda. Mimi naitwa Phanice, msomaji wa safu yako ya ushauri gazetini, ni mke wa fundi, na mume wangu Cephas hutengeneza masanduku ya bati, yale ambayo watoto wa bweni hubeba wakienda shule, na ukimwona msichana akishuka kwenye gari pale Asumbi mwezi wa kwanza na sanduku la buluu lenye maua meupe kwenye kifuniko, ujue hilo limetoka kwetu, yeye amelikunja na kulilehemu na maua nimechora mimi.

Banda letu la kazi lilikuwa zuri, lilikuwa na mlango wa kufuli na paa la mabati ambayo Cephas aliyakusanya kidogo kidogo mpaka yakatosha, na wateja walipenda kuingia humo wakae tu hata kama hawanunui. Sasa mwezi wa nane chifu aliita baraza akasema serikali inataka kuwasaidia watu wa jua kali, yaani sisi mafundi wadogo wadogo wa mikono, na msaada wenyewe si mkopo, ni mashine, fundi atapewa kulingana na kazi anayofanya, na anayetaka kujua masharti aende ofisi ya wilaya mjini Homa Bay akaulize. Mama, hayo maneno ya mwisho niliyasikia, lakini baraza lilikuwa limechukua muda mrefu na watu walikuwa wameanza kusimama na kukung'uta nguo, na nadhani Cephas masikio yake yaliishia kwenye neno mashine.

Cephas ana rafiki anaitwa Boaz, anashona viatu karibu na stendi, na huyo Boaz anajua kila kitu. Alimwambia mume wangu kwamba jua kali maana yake ni jua kali, yaani serikali inawatafuta wale wanaofanya kazi juani, na kwamba kule Migori kuna fundi aliachwa kwa sababu ofisa alimkuta ndani ya nyumba ya matofali akasema huyu ameshajiweza. "Huo msaada ni wa watu wanaoungua," Boaz akamwambia, "na wewe umekaa kivulini kama karani."

Jioni hiyo Cephas alinirudishia maneno hayo yote. Nilimwambia apande gari asubuhi aende Homa Bay akaulize, si mbali, lakini akasema ukienda kuuliza wanaandika jina lako na kuanza kukuchunguza, afadhali waje wakukute vile ulivyo. Nikamwambia, lakini sisi vile tulivyo ni watu wenye paa. Nafikiri ni hapo ndipo wazo lilipomwingia, kwa hivyo siwezi kusema mkono wangu haumo. Asubuhi yake alipanda juu na nyundo akaanza kung'oa.

Shida ikawa mabati yenyewe tutayaweka wapi, maana ofisa akiyakuta yamelala kando ya banda atajua, na Cephas akasema tuyapeleke kwa mama yangu yakae huko mpaka ofisa apite. Mama yangu anaitwa Teresa, ni mjane, anakaa karibu na misheni ya Asumbi kwenye nyumba ya nyasi ambayo kila mvua ikinyesha alikuwa akihamisha kitanda kutoka kona hii hadi ile. Na nikwambie ukweli, tangu Cephas aliponioa mama hakuwahi kumpenda, kwa sababu siku ya kujitambulisha watu wake walichelewa mpaka chakula kikapoa na wageni wa heshima wakaondoka, na tangu siku hiyo mama hakuwahi kutaja jina lake, alikuwa akiniuliza tu, "Na huyo mtu wako yuko?"

Tulikodi pikapu tukafika pale, na kwa kuwa mkwe haingii ovyo kwa mama mkwe wala hawezi kugusa nyumba yake, Cephas akabaki langoni akiyahesabu mabati yakipita, mimi nikatangulia ndani, na maneno yaliyonitoka kinywani yalikuwa haya: "Mama, Cephas ameleta mabati." Nilikuwa naendelea kusema kwamba yakae nyuma ya nyumba kwa muda, lakini mama alikuwa ameshapiga vigelegele na majirani wameshaanza kuja, na Mama Nyanchama, ningesema nini mbele ya wale wanawake wote? Nilinyamaza, na sikunyamaza kwa aibu peke yake, nilinyamaza kwa sababu nilifurahi. Kabla ya Jumapili kaka yangu Chrispine alikuwa ameshayapigilia misumari juu ya nyumba. Jumapili yenyewe mama akasimama kanisani akamshukuru Mungu kwa mkwe aliye mfano kwa wakwe wote wa Rangwe, na siku hizi hasemi tena huyo mtu wako, anasema wuoda, mwanangu, na alimtumia jogoo, na Cephas alimla huyo jogoo akiwa na mawazo mengi lakini alimmaliza.

Halafu ikaja mvua. Redio ilikuwa imetutangazia hiyo El Nino muda mrefu na sisi tukadhani ni habari za nchi nyingine. Cephas akawa anafanya kazi chini ya karatasi ya nailoni, moto wa kulehemu ukizimika kila mara, mabati mapya yakishika kutu, na maua yangu yakitiririka kabla rangi haijakauka. Na katika hali hiyo ndipo ofisa alipokuja, kijana mwenye adabu anaitwa Ongeri, akasimama kwenye matope na mwavuli wake, akatazama juu mahali palipokuwa na paa, akamwuliza mume wangu, "Fundi, banda lako liko wapi?"

Cephas akamwambia ndilo hilo, na kwamba yeye ni mtu wa jua kali kabisa, hata kivuli hana. Ongeri akashika sanduku moja akaligeuza, akalisifu sana, akasema mtu wa kazi kama hii ndiye waliyekuwa wanamtafuta wampe mashine ya mkono ya kukata na kukunja bati. "Lakini mashine hiyo haitakiwi kunyeshewa," akasema. "Tunampa mtu mwenye mahali pakavu na mlango unaofungwa. Nani alikwambia ukae hivi?" Cephas hakumtaja Boaz. Ongeri akasema atarudi mwezi wa kwanza, na kama tutakuwa tumepata mahali basi tutaongea.

Tangu siku hiyo hatuna amani. Cephas anataka niende kwa mama nikaombe mabati, kwa sababu yeye kama mkwe hawezi hata kulitamka neno hilo, nami namwambia siwezi kumvua mama yangu paa katikati ya mvua hizi. Juzi akaja na shauri jipya, kwamba tuombe tu yale ya upande wa jikoni mahali ambapo mama halali. Nikimwomba, ataanza tena mambo ya huyo mtu wako, na safari hii atakuwa na sababu. Nisipomwomba, mashine itaenda kwa fundi mwingine na Cephas atanikumbusha mpaka tuzeeke. Nifanye nini?

Phanice,
Rodi Kopany

*

Phanice binti yangu,

Samahani, nilianza kwa kucheka. Nilipofika kwa jogoo ilibidi nivue miwani. Sasa nimeivaa tena, kwa hivyo nisikilize.

Wewe si mtu mbaya na mume wako si mtu mbaya. Mwanamume anayeng'oa paa lake mwenyewe kwa nyundo yake mwenyewe ili kazi yake ikue, huyo ana bidii, na bidii si kitu cha kudharau. Mimi pia niliishi na fundi, wa mbao, apumzike kwa amani, na nawajua watu hao. Ubao ataupima, atarudi aupime tena kabla hajaukata. Lakini akisikia habari za serikali kutoka kwa mtu aliyesimama stendi, hapimi kitu.

Boaz ashone viatu. Simkatazi kuongea, na huenda viatu vyake ni vizuri sana, lakini masharti ya msaada hayakai kwenye kibanda chake. Yanakaa ofisini. Chifu aliwaambia hivyo, wewe ukasikia, ukamwambia mumeo mara moja, halafu ukaacha. Na mbele ya mama yako, kwa nini ulinyamaza? Umeniambia mwenyewe, na nakupongeza kwa kusema kweli: ulitaka mama yako apate paa. Basi amepata. Usilie sasa kana kwamba jambo hili lilikuangukia kutoka mbinguni.

Ila kuna kitu hamjakiona, nanyi mko karibu kukanyaga pale pale mlipokanyaga mwanzo. Mara ya kwanza mlisikia neno moja kutoka kwa Boaz mkang'oa paa lenu. Mara hii mmesikia neno moja kutoka kwa Ongeri, tena amesimama kwenye mvua na haraka zake, mnataka kung'oa paa la mtu mwingine. Je, mlimwuliza kama kuna masharti mengine? Mlimwuliza kama banda ni lazima liwe lenu au mnaweza kukaa kwa mwenzenu? Leseni ya kazi mnayo, na je, inatakiwa? Mashine inapewa mtu mmoja au kikundi? Na ikiharibika, kuitengeneza ni juu ya nani? Hamjui. Mngemvua mama paa mvua ikimpiga, mkarudisha mabati yenu, halafu mwezi wa kwanza Ongeri akawaambia kuna sharti lingine ambalo hamkulifikiria. Hapo mngekuwa mmekosa mashine na mama pia.

Simu iko hapa mezani kwangu na ningeweza kupiga Homa Bay niwaulizie. Sikupiga, na sitapiga. Mkipata jibu kutoka kwangu nitakuwa Boaz wa pili.

Kwa hivyo fanya hivi. Paa la mama lisiguswe, si upande wa kulala wala upande wa jikoni, na umwambie Cephas kwamba shauri la jikoni limeniudhi. Mwende ofisini, nyinyi wawili pamoja, kwa sababu yeye anasikia mwanzo wa habari na wewe unasikia mwisho. Mkifika msianze kueleza shida zenu. Ulizeni: msaada huu ni wa nani, na sisi tumo au hatumo? Mkiambiwa hamumo, ulizeni mnapungukiwa na nini, na msitoke pale mpaka mwambiwe lote. Kabla ya siku hiyo msinunue hata msumari, msivunje, msijenge, na msijifanye maskini wala matajiri. Mtu wa serikali akija akukute na kazi yako kama ilivyo. Ikiwa haikubaliki, ni afadhali ujue mapema urudi kwenye masanduku yako.

Halafu mama yako. Nenda peke yako, keti naye, umweleze yote jinsi yalivyokuwa. Usiende kuomba kitu. Nenda kumwambia tu. Amelala chini ya mabati hayo akiamini jambo ambalo si kweli, na siku moja atalisikia sokoni kutoka kwa mtu mwenye mdomo mrefu, nawe hutakuwepo kulieleza vizuri. Akikasirika, mwache akasirike, ni haki yake, naye ni mama yako, hasira yake haitakuua.

Anza na ofisi. Gari la asubuhi, kesho, hata kama inanyesha.

Mama Nyanchama

*

Mpendwa Mama Nyanchama,

Ni mimi tena, Phanice wa masanduku. Niliona nisikuache bila habari.

Tulienda. Cephas alikuwa amevaa koti la harusi yetu, na njia nzima alikuwa akiniambia majina yetu sasa yataandikwa, na kweli yaliandikwa, kwenye kitabu cha wageni, na hakuna lililotupata. Tulimkuta Ongeri mwenyewe, akatupa viti, nami nikauliza kama ulivyonifundisha, sisi tumo au hatumo. Akasema kwa kazi tumo, kwa sababu msaada ni wa wanaotengeneza vitu kwa mikono yao. Lakini mashine, akasema, haipewi fundi mmoja, inapewa mafundi wasiopungua watatu walioandikishwa kama kikundi, na mahali pakavu panaweza kuwa pa yeyote kati yao. Nilimtazama Cephas na yeye akatazama kofia yake. Hata tungemwacha mama yangu alale chini ya nyota, yeye peke yake asingepewa.

Tulipotoka hatukugombana, na mimi nilikuwa nimejiandaa kugombana. Cephas aliketi kwenye ngazi za ofisi akacheka mpaka askari wa pale akaja kuuliza kama ni mgonjwa, na tukala samaki mjini kabla ya kurudi, jambo ambalo hatukuwa tumefanya tangu mtoto azaliwe. Rodi Kopany kuna fundi wa majiko anaitwa Omwenga, banda lake liko mwisho wa soko, kubwa na kavu, na kuna Edith anayetengeneza taa za koroboi kwa mikebe. Kumbe wale wawili walikwenda kuuliza tangu mwezi wa nane na walikuwa wakitafuta mtu wa tatu. Omwenga alisema walimfikiria Cephas kwanza kabisa, lakini walipomwona amevunja banda wakadhani ameacha kazi.

Kwa mama nilienda Jumamosi. Alikuwa akiambua maharagwe mlangoni, nikakaa nikamsaidia, nikamwambia kila kitu tangu baraza. Aliendelea na maharagwe yake.

"Nilijua," akasema.

Nikamwuliza alijuaje.

"Mtu anayeleta zawadi hasimami langoni akiihesabu."

Nikamwuliza basi kwa nini alimsifu vile kanisani, mbele ya watu wote.

"Ili ashindwe kuja kuyachukua," akasema, na ndipo akaanza kucheka, na nikaona meno yake yote machache. Halafu akasema jambo lingine. Alisema alingoja. Kila mvua ilipoanza alikuwa akisikiliza mlangoni, akisema leo huyo mtu atatuma mtu ayachukue. "Mvua ilimnyeshea mwezi mzima na hakutuma mtu," akasema. "Sasa nikimwita mwanangu simchezei."

Sikumwambia habari ya upande wa jikoni. Najua ulisema nimweleze yote, Mama Nyanchama, lakini hilo nililiacha.

Kikundi kiliandikishwa, na mashine ikaja shule zilipokuwa zikifunguliwa. Imewekwa kwa Omwenga, na Cephas anakunja kwa siku moja masanduku ambayo zamani yalimchukua juma zima, mpaka mimi na brashi yangu nimeachwa nyuma na wasichana wengine wamekwenda shule na maua mawili badala ya sita. Boaz naye amekuja kumwambia kwamba serikali inakaribia kutoa cherehani za viatu. Cephas akamwuliza ameyasikia wapi, akampa nauli ya Homa Bay.

Wiki iliyopita mama alituma salamu kwamba paa linamwaga maji yote mlangoni na anataka mfereji wa kuyapeleka kwenye pipa. Zamani Cephas angekata bati usiku huo huo na kulipeleka. Safari hii alivaa lile koti, akaenda mwenyewe mpaka langoni Asumbi, akasimama mahali mkwe anaposimama, akapaza sauti kidogo kwa heshima:

"Mama, pipa lenyewe utaliweka upande gani?"

Phanice,
Rodi Kopany